Niliyeupigia Saluti Wimbo wa Katuni

Miezi yangu ya kwanza Riyadh niliupigia saluti wimbo wa katuni. Sitajitetea sana, ila nieleze ilivyokuwa. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumba ya madam niliyemfanyia kazi za ndani, kule mtaa wa Malaz, imejaa ndugu zake. Naingia na sinia la chai, mara runingani zikalia tarumbeta, na wale watu wazima wote, na vitambi vyao na vyeo vyao, wakakata mazungumzo, wakainuka, wakaimba kwa Kiarabu mwanzo hadi mwisho. Sasa, mtu aliyesoma shule Kenya, tarumbeta zikilia na watu wakisimama, mwili wake hauulizi swali. Nikabana visigino, nikanyoosha shingo, nikatulia tuli na sinia langu mpaka ubeti wa mwisho. Chai ikapoa kwa heshima zote.

Hakuna aliyecheka. Madam alinitazama kwa macho laini, akaniuliza kitu chenye neno Kenya ndani yake. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa na maneno mawili, naam, na mafi, yaani hakuna, na naam ndilo lililokuwa karibu na mdomo. Kumbe alikuwa anauliza kama hata kwetu tulikua na wimbo huo. Basi kila Ijumaa nikawa nasimama, na kila Ijumaa madam akazidi kunipenda.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, Mkenya mwenzangu wa Mombasa, aliyefanya kazi katika nyumba ya mlango wa pili. Tulikuwa tukikutana juu ya paa kuanika nguo. Siku moja nikamwuliza kwa nini wimbo wa taifa wa watu hawa una picha ya msichana mwenye macho kama visosi, amepanda ndege wa chuma. Ilibidi ashike kamba ya nguo asianguke.

"Mwenzangu! Hiyo si katuni? Katuni ya Wajapani, ikatiwa Kiarabu, hawa wakaonyeshwa walipokuwa wadogo. Usiniambie umeipigia saluti."

"Kidogo tu."

"Saluti kidogo ndiyo ipi hiyo, we mwanamke wa bara?"

Tangu siku hiyo, kila akiniona na ndoo alibana visigino.

Nikiri pia kwamba kukaa ndani hakukunisumbua kama kulivyowasumbua wengi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kwetu Nakuru, sokoni nilikuwa natuma watu. Nikapanda ndege, nikavuka bahari, nikapewa ikama, kibali chao cha kuishi, ili nije nikae ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Kilichoninyima raha kilikuwa kimoja: binti yangu. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa bado hajui kufunga vifungo vya sweta. Kila Ijumaa, vyombo vikishaoshwa, nilipiga simu, mama akamwekea mtoto sikioni, na mimi nikasikia pumzi. Pumzi tu, halafu miguu ikikimbia. Mama alisema ni haya za kitoto, zitaisha. Mimi nilijua ninachoogopa: kwamba mtoto ananisahau, na kila Ijumaa amenisahau kidogo zaidi.

Mwaka wa pili tulikwenda Jeddah, kwa arusi ya mdogo wake madam. Tulifikia kwa mama yao, katika nyumba ya zamani ya mtaa wa Al-Hindawiyah ambayo bibi huyo alikataa kuihama, ingawa majirani zake wa tangu hapo walishaondoka na ghorofa nzima sasa ilikuwa ya wafanyakazi wa kigeni. Jioni tukaenda ukumbini, upande wa wanawake. Wapiga matari waliimba mpaka wakahitaji maji. Walipopumzika, mtu akaweka ule wimbo wa katuni kwenye spika.

Jamani. Wanawake wenye magauni ya kuburura, wengine tayari na wajukuu, walikimbilia katikati kama waliosikia maji yamerudi mferejini. Bibi harusi alikunja gauni akapanda juu ya kiti. Na dada mkubwa wa madam, mwanamke mkali ambaye nikisikia viatu vyake tu nilikuwa nafuta meza iliyokwisha futwa, alikuwa anaimba huku machozi yanauharibu wanja wake. Mimi safari hii sikupiga saluti. Nilikuwa nimebeba mtoto wa watu.

Kesho yake jikoni, Kiarabu changu kikiwa kimeshakua, nilimwuliza madam dada yake alilia nini kwa ajili ya msichana wa kuchorwa. Akacheka. Alisema hata hadithi yenyewe hawaikumbuki sawasawa. Msichana alikuwa anamtafuta nani, ndege alikujaje kuvunjika, wanabishana kila mwaka. Halafu akaacha kucheka.

"Katuni ilikuwa inaanza wakati baba anarudi kutoka kazini," akasema. "Ukipigwa wimbo ule, tunasikia ufunguo wake mlangoni."

Baba yao alikuwa amefariki zamani, kabla madam hajaolewa.

Safari nzima ya kurudi Riyadh, watoto wa madam wamenilalia mapajani, nilikuwa na ule ufunguo kichwani. Nilijiambia, ikiwa wimbo wa katuni umeweza kumtunza marehemu miaka yote hiyo, utashindwaje kunitunza mimi niliye hai na mwenye simu? Mpango ulikuwa na kasoro moja tu, sauti yangu. Kanisani kwetu mwalimu wa kwaya aliwahi kuniomba, kwa upole wa Kikristo, niwe nafungua mdomo bila kutoa kitu.

Ijumaa iliyofuata, mama alipomwekea mtoto simu, sikusema hujambo. Niliimba. Pumzi za upande wa pili zikasimama. Nikangoja miguu ikimbie. Haikukimbia. Nilipofika mwisho, kisauti kikasema, "Tena."

Ndilo neno la kwanza alilonipa tangu niondoke. Nikaimba tena, na tena, mpaka madam akaja kutoka sebuleni kunisaidia kiitikio, kwa huruma ya masikio yake nadhani.

Ikawa hivyo miezi na miezi. Mtoto aliushika wimbo wote, na Kiarabu chake kilikuwa safi kuliko changu. Mama akalalamika kwamba watoto wa ploti nzima sasa wanaruka kutoka kwenye ngazi, mikono wameitanua kama ndege wa chuma, wanaimba maneno yasiyojulikana, na mke wa mchungaji amepita kuuliza kama tumebadili dini. Mimi nilivimba kichwa. Nilijiona nimeushinda umbali.

Mkataba ukakaribia kwisha. Baba, yaani mume wa madam, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, akasema nikitaka ataongeza ikama na nitakaa miaka mingine miwili. Madam akaomba nimjibu wiki hiyo. Nilikuwa tayari kusema naam, safari hii nikijua ninaitikia nini.

Ijumaa nikapiga simu. Binti yangu aliuimba wimbo peke yake mpaka mwisho, hakukosea mahali.

"Vizuri sana!" nikamwambia. "Na unajua unaongea na nani?"

"Na yule wa wimbo."

Nikacheka. "Ni mama."

Alinisahihisha bila ubaya wowote, kama unavyomwelekeza mgeni aliyepotea mlango. "Mama ako jikoni. Nikuitie?"

Siku ya pili juu ya paa nilimsimulia jirani yangu. Nilisimulia kama kichekesho, ndiyo tabia yangu, nikaongeza kwamba nitabaki tu, kwa sababu mtoto ana furaha, wimbo anao, na hata watu hawa wamekaa na wimbo wao huu toka utotoni na haujachuja. Nilitegemea abane visigino. Hakubana. Alikamua shuka lake mpaka likaacha kutona, akalitupa kambani, akaniangalia.

"Watu wazima wote hao waulilia huo wimbo, na hapana hata mmoja ajuaye sura ya aliyeuimba. Panda ndege, mwanamke, ukamwogeshe mwanao."