Mwanamisi Watatu wa Nyumba Moja

Enzi zetu kule Msambweni, jina halikutafutwa, lilikuwa likikungoja. Baba zetu walikuwa ndugu watatu, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama ilivyo desturi yetu Wadigo. Kwa hivyo bibi yetu Mwanamisi alipoita mara moja tu kutoka jikoni, tuliacha mdako, tukamwaga vijiwe, tukamkimbilia sote watatu. Alipenda hivyo. Mmoja alikuna nazi, mmoja alichota maji, nami niliye mdogo wao nilipewa kazi ya kuonja mchuzi, ambayo niliifanya kwa bidii sana. Sote alituita "somo", maana tulibeba jina lake.

Tulianza shule pamoja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu wetu, mtu wa bara, mpole lakini mwenye haraka, alichoka kuona mikono mitatu ikiinuka kwa jina moja. Akaanza na mimi, akaniandika Rehema. Jina zuri, sikatai, ila si langu. Kila asubuhi akiita Rehema nilinyamaza nikimtazama usoni, naye akaandika kwamba sikufika. Mwezi mzima sikuhudhuria hata siku moja, na nilikuwa nimekaa dawati la mbele! Nilijua ningeitika mara moja tu, lingenigandia maisha.

Baba alipoitwa shuleni, bibi alijifunga leso akatangulia yeye. Mwalimu akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Jina hili ni langu mimi. Nyumbani kwangu latutosha wanne, hapa pana nini?"

Mwalimu akacheka, akaongeza majina ya baba zetu kwenye rejista, mambo yakaisha.

Leo ukimuulizia Mwanamisi pale kwetu, utaulizwa yupi. Wa kwanza ni mkunga. Vijana wengi wa mtaani wamepokewa na mikono yake. Wa pili ana mashua ya kupeleka watalii kisiwani Funzi, na wanaume humwita nahodha bila mzaha. Mimi ni mwalimu mkuu, na rejista ya watoto wapya huisoma mwenyewe, polepole.

Vijana wa sasa hutafuta majina kwenye simu. Mwanangu wa kiume amepata binti wa kwanza, akampa jina refu ambalo hata yeye huliandika akinakili. "Mama, Mwanamisi ni la kizamani," aliniambia, "watamcheka." Liliniuma, sitaficha.

"Lenu liandikisheni, sikatazi," nilimjibu. "Lakini mimi nitamwita Mwanamisi, na sichoki."

Kila Ijumaa nakwenda kwao Ukunda. Zamani jina hili lilijaza ua mzima, sasa nalitamka peke yangu kwenye sebule yenye televisheni inayopiga kelele. Juma lililopita nililiita nikiwa bado mlangoni. Mtoto akaacha kunyonya, akageuka.