Kioo Kilichomtafuta Mwenyewe

Mimi si mtu wa hadithi. Kwa mwaka wa kumi na moja sasa kazi yangu ni kuandika maelezo ya watu waliopata ajali za barabarani, katika ofisi ya bima kule Westlands. Mtu akiniambia gari lilitoka "huko", namuuliza huko ni wapi. Akisema lilikuja "kasi sana", namuuliza alijuaje. Kwa hiyo haya nitakayokueleza niliyaandika kwenye daftari, kwa saa na kwa mahali, siku ileile yalipotokea. Sijabadilisha neno. Ukitaka kubisha, bisha ukishafika mwisho.

Yalianza na simu.

Niliinunua Jumamosi moja katikati ya mji, katika mojawapo ya yale maduka yaliyogawanywa vibanda vidogo vidogo, kila kibanda na muuzaji wake. Boksi lilifunguliwa mbele yangu, plastiki ikachanwa mbele yangu. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kisha muuzaji akasema, "Madam, ngoja nikuwekee protekta ya kioo huko ndani, hapa kuna vumbi," akaingia nayo nyuma ya pazia. Nikamwacha. Dada yangu Mwende alikuwa amenipigia kwenye simu ya zamani, tukawa tunabishana ni nani aliyechoma maharagwe, na dakika kumi zikapita. Mimi ambaye kila siku huwauliza watu kwa nini waliacha gari bila kulifunga.

Nyumbani Riruta, jioni, Mwende aliiwasha.

"Hii simu yako ina homa ya manjano," akasema.

"Ongeza mwangaza."

"Umefika mwisho. Hii imechoka kabla ya kuandikwa kazi."

Alisema kweli. Kioo kilikuwa hafifu kama tochi yenye betri kuukuu. Nyeupe ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nje juani hukuona chochote ila uso wako mwenyewe ukikushangaa. Na ukifungua ukurasa mtupu, chini yake palikuwa na kivuli: mistari iliyopindana, na alama ndogo kama ncha ya mshale. Ukifunga ukurasa, kivuli kilibaki.

Jumatatu nilirudi dukani. Muuzaji hakuinua hata kichwa. "Hiyo ni kawaida, madam. Macho itazoea."

Macho hayakuzoea. Jumanne niliipeleka Ngara kwa Mzee Kanti, fundi wa Kihindi aliyezaliwa palepale Ngara, na aliyetengeneza saa za mkono miaka mingi kabla watu hawajaanza kutazama saa kwenye simu. Ile lensi yake ya saa bado anaivaa jichoni. Aliifungua simu, akaichungulia, akacheka kidogo.

"Mama, mwili ni mpya, kioo si yake. Wamekuuzia kifaranga, kichwa ya jogoo mzee. Uliondoa macho lini?"

"Alienda kuweka protekta."

"Protekta," akasema, vile daktari hutaja ugonjwa anaoujua. "Sasa angalia. Hii ilikuwa ya dereva wa teksi. Hapa juu ni mahali pa saa, hapa chini ni kile kidude cha kubonyeza abiria akishuka. Inakaa ikiwaka mchana kutwa, inaachia alama. Hiyo ni kawaida kabisa." Kisha akaufuata ule mstari uliopindana kwa ncha ya bisibisi. "Lakini hii ni ramani. Ramani inasonga, haiwezi kuacha alama. Hii gari ilisimama hapa siku ngapi?"

Nilimwambia yeye ndiye fundi. Alikifuta kioo kwa kitambaa, akatazama tena, akanirudishia simu upesi kuliko alivyoipokea.

"Kuja Alhamisi. Nitakuwa nimepata ingine safi. Hii sipendi."

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana Jumatano ndiyo siku yenyewe.

Nilitoka kazini mapema kwa sababu ya mvua. Watu wengi wakisimulia mambo ya namna hii huweka usiku wa manane na mbwa wanaolia. Mimi sina hayo. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, Westlands, magari yamebanana, wauza miavuli wakipita katikati yake. Nilitaka kuita teksi kwa simu, lakini kile kioo hakikunionyesha kitu; sikuweza kusoma hata jina la dereva niliyekuwa nikitafutiwa. Nikiwa bado naikunjia uso, gari dogo la kijivu likasimama mbele yangu. Nilisoma nambari yake ya usajili na kuiandika, kama ninavyofanya siku zote.

"Sasa, dada. Unaenda wapi?"

"Riruta. Unaweza?"

"Riruta ni nyumbani. Ingia."

Nilikaa nyuma, upande wa kushoto. Dereva alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, lakini yeye alikuwa amelowa chapachapa. Maji yalimtiririka mikononi hadi kwenye usukani. Nilidhani ametoka kubadilisha gurudumu. Wewe ungedhani nini?

Pale mbele, kwenye kishikio cha simu, hapakuwa na simu.

"Yako iko wapi?" nikauliza.

"Walichukua."

"Pole."

"Nairobi ni hiyo. Hebu niinulie yako, nione njia."

"Si umesema Riruta ni nyumbani? Huijui njia?"

Akacheka. "Naijua. Siku hizi hainipeleki."

Nilimweleza kwamba simu yangu haionyeshi kitu, kioo chake ni kibovu. Akasema, bila kugeuka, "Hiyo kioo naijua. Ilaze kidogo upande wa kushoto."

Nikailaza. Niamini, simu ile iliwaka. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue iliwaka kama zinavyowaka zile za kwenye matangazo, nyeupe ikawa nyeupe, na katikati yake ramani, barabara ikikata kona kando ya mto, na ule mshale umesimama palepale kwenye kona.

"Asante," akasema. Akatoka kwenye foleni, na sielewi alipitia wapi, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kupitia.

Alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa. Aliitambua lafudhi yangu ya Kikamba, akasema, "Wewe ni wa kwetu." Jina lake Musyoka, mtoto wa Mama Ndinda, Riruta, ploti ya geti ya buluu nyuma ya kinu cha unga. "Mama hupakua chakula yangu kila jioni," akasema. "Muthokoi ya mahindi na maharagwe. Anafunika na sahani ingine. Asubuhi anamwagia kuku mapema, hataki majirani wajue. Umwambie aache kupakua."

"Si utamwambia mwenyewe ukifika?"

Nilichungulia nje. Hatukuwa tunaelekea Riruta.

"Umepotea," nikamwambia.

"Nisamehe, dada. Leo kwanza nishuke mimi."

Gari lilisimama. Nilifungua mlango, nikashuka ili nione tulipo, na nilipogeuka kumwuliza, hapakuwa na wa kuulizwa. Hapakuwa na gari. Mbele yangu palikuwa na geti la mochari moja ya mji huu ambayo sitaitaja, na mhudumu mwanamke mwenye mabuti ya mvua, ameshika mwavuli, ananitazama.

"Umeona gari ikiondoka hapa?" nikamwuliza.

"Gari gani? Nimesimama hapa tangu mvua ianze. Umekuja na miguu, umeinua simu hivi mbele yako kama tochi. Nikasema huyu msiba umemshika vibaya."

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vikavu.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi pia nilitaka, sikatai, lakini miaka kumi na moja ya kuuliza maswali haitoki mwilini kwa dakika moja. Nilimweleza yule mhudumu: mwanamume, sweta ya kijani, kiwiko kimetoboka, kidole kidogo cha kushoto hakina ncha. Aliufunga mwavuli wake.

"Ngoja hapo."

Alikuja na kitabu. Palikuwa na mtu wa namna hiyo, hana jina, ana nambari tu. Polisi walimleta wiki tisa zilizopita, alipigwa na kuporwa, hakuwa na simu wala karatasi. Mahali alipookotwa pameandikwa kwa kalamu nyekundu, na mimi napajua: ni ile kona ya kando ya mto. Nikaomba kumwona. Akanipeleka. Alikuwa ndiye.

"Basi weka sahihi," akasema.

"Mimi si wa familia."

"Wewe ni nani yake?"

Nilimwambia kweli. "Abiria wake."

Alikifunga kitabu. Nadhani pale kazini kwake amesikia mengi. "Lete mtu wa damu na kitambulisho," akasema. "Lakini usikae. Ijumaa wasio na wenyewe wanazikwa pamoja, shimo moja. Baada ya hapo hata mimi sitakuonyesha yuko wapi."

Hiyo ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni. Hesabu mwenyewe.

Geti la buluu nililipata bila shida. Mama Ndinda alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, kitambaa cha kanisa kichwani. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nilimwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu, nikamwambia nimetumwa na Musyoka.

"Yuko safari," akasema haraka. "Atarudi. Pasta anajua, wote wanajua."

"Mwaitu, mmemtafuta wapi?"

"Polisi. Hospitali."

"Na mochari?"

Akasimama. "Hapana. Pasta alitaka kwenda, nikamkataza. Binamu yake alitaka, nikamkataza. Ukimtafuta mtu aliye hai kwa wafu, unamwita huko. Mama yangu alinifunza hivyo, na wake alimfunza. Mimi siwezi kumwua mwanangu kwa miguu yangu. Wewe ni msichana mzuri, lakini toka."

Nakiri hapo nilikaribia kushindwa. Ningemtajia Ijumaa, angeniona mpiga ramli. Nikafanya ninachojua. Nilifungua daftari, nikamsomea kama ninavyomsomea mteja maelezo yake kabla hajatia sahihi: saa, mahali, nambari ya gari, sweta, kidole. Nilipofika kwenye muthokoi na kuku wa asubuhi, alikaa. Nilipofika kwenye "umwambie aache kupakua", aliinua mkono ninyamaze.

"Nani amekuambia napakua?"

"Yeye."

Kuku mmoja alipita mlangoni. Mama Ndinda alimfuata kwa macho mpaka akatoka.

"Alikuwa na ile sweta?"

"Ndiyo. Ilikuwa imelowa."

"Nilimwambia asitoke na hiyo," akasema. "Nilimwambia itanyesha." Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, kwa lugha yetu, "Mwana wakwa," mwanangu. Alichukua Biblia, akatoa ndani yake kitambulisho chake na kile cha zamani cha mwanawe, akauliza wanafungua saa ngapi.

Alhamisi asubuhi tulikwenda, yeye, binamu, pasta na mimi. Mama Ndinda alimtambua kwa kidole, alichokatwa na mundu akiwa na miaka sita. Hakulia pale. Aliwauliza wahudumu kama mwanawe alikuwa na blanketi. Jumamosi ya wiki iliyofuata tulimzika kwao Mwala, kwa jina lake kamili.

Yaliyobaki ni ya kuhakikisha tu. Lile gari liko katika kituo kimoja cha polisi. Lilipatikana limetelekezwa wiki nane kabla ya siku niliyolipanda, halina gurudumu hata moja, limekaa juu ya mawe. Nambari ni ileile ya kwenye daftari langu. Askari alipolifungua nilipapasa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, na kilikuwa kibichi kama nguo iliyotoka kufuliwa, ilhali madirisha yamefungwa na siku hiyo jua lilikuwa kali. Niliandikisha maelezo kuhusu simu. Kibanda nilikoinunua sasa kinauza viatu vya watoto. Na Mzee Kanti, nilipompelekea kioo baada ya mazishi, alikiangalia kwa lensi mara tatu. Kivuli hakikuwepo. Umanjano ulikuwepo, uhafifu ulikuwepo, lakini hapakuwa na barabara wala mshale.

"Sasa ni kioo mbaya tu," akasema. "Hii naweza kutoa." Akakitoa.

Mimi je? Habari zilienea Riruta, kama zinavyoenea. Watu wakaanza kunibishia mlango. Mmoja mume wake hajarudi tangu Pasaka, mwingine kaka yake aliaga anaenda kibarua. Wote wana sababu yao ya kutoingia mahali pale, na nyingi zinafanana na ya Mama Ndinda. Mpaka leo nimekwenda na familia saba. Wawili tuliwapata. Watano hatukuwapata, na mmoja wa hao watano alirudi mwenyewe kutoka Kitui, mnene, na hasira kwamba tulimtafuta kwa wafu. Yu hai mpaka leo. Mwende hapendi kazi hii. Anasema nanuka dawa. Siku nyingine, kukinyesha, naona gari la kijivu likipunguza mwendo kando yangu, na mimi husimama kwanza niangalie kama dereva amelowa.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesoma, hasa kama nyumbani kwako kuna mtu mnayesema "yuko safari" na moyo wako unajua vingine. Usikae kumwombea kitini huku umefunga mlango mmoja, ule wa mochari. Nenda siku ya kwanza. Beba kitambulisho chako na chake, uwaeleze nguo, makovu na meno. Usipomwona, rudi ushukuru Mungu, na kesho nenda kwingine. Ukimwona, mpe jina lake mbele ya kile kitabu, waliandike, umpeleke kwao.