Kidole cha Sichana

Ngazi za nyumba ile zilijengwa na mtu ambaye hakuwa na mama mgonjwa. Ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima, zinapinda mara mbili gizani kabla ya kufika ghorofa ya tatu, na aliyewahi kuzipanda na ndoo ya maji hana haja ya kuhadithiwa. Bi Petronila alizipanda siku moja akiwa mzima, kikapu cha sokoni mkononi. Alfajiri yake kiharusi kikamshika upande wa kulia, na tangu hapo hakushuka tena.

Wala binti yake Sichana hakushuka, ukiacha kukimbilia mkate, maji na dawa, na misa ya kwanza ya Jumapili, ambayo aliisikiliza kwa sikio moja, la pili kaliacha nyumbani. Watu walipokuja kumtazama mgonjwa walimpa pole mgonjwa. Huyu anayemwuguza walimwambia Mungu atamlipa, kisha wakashuka zao.

Sichana alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, na si mpishi wa kubabaisha. Pweza wake wa nazi wageni walikuwa wakimwulizia kabla hawajakaa vizuri. Sasa alipika uji wa mtu mmoja, na huo nao mara nyingi ulirudishwa nusu. Chumba kilikuwa na dirisha moja la nondo, na mbele ya dirisha palikuwa na ukuta wa nyumba ya pili, karibu hata ungeweza kuugusa kwa mpini wa ufagio. Alilijua kila doa la ukuta ule, na kila doa alilichukia.

Kilichobaki ni kidole. Kila asubuhi, mama akishaoshwa na kugeuzwa, Sichana aliketi ukingoni mwa kitanda, akaipakata Biblia ya nyumbani iliyovishwa kipande cha kanga kuukuu, akafumba macho, akaifungua popote pale na kutia kidole. Kilipoangukia ndipo Mungu aliposema naye siku hiyo, naye alipasoma kwa sauti ili mama asikie. Alilirithi jambo hilo kwa bibi yake, aliyekulia mtaa ambao jirani akitaka kusafiri au kuoza binti hakosi kwanza kwenda kwa mganga kupigiwa bao. Bibi alikuwa Mkristo wa kweli, na bao hakuligusa maisha yake yote; lakini hamu ya kujua kesho kuna nini hakuwaachia majirani peke yao.

Basi kila neno likawa la Sichana. Wana wa Israeli wakivuka bahari, ni yeye anashuka ngazi. Mtume akifunguliwa minyororo gerezani, ni yeye. Mfalme mzee akifa kitandani mwake, Sichana alijiuliza ni nani anayetajwa hapo, kisha akatubu harakaharaka. Tangu kuumbwa nuru mpaka mji wa dhahabu, kitabu chote kilikuwa habari ya Sichana na ile ghorofa ya tatu.

Bi Zuleikha, Mwislamu wa ghorofa ya chini aliyekuwa akimkalia mgonjwa wakati wa misa, alimfuma siku moja amefumba macho, kidole hewani. Sichana alimwamkia shikamoo kwa aibu.

"Marahaba. Hebu nambie, Sichana, hicho ni kitabu cha Mungu au bao?"

"Natafuta neno langu la leo, Bi Zuleikha."

"Watu hutoka hapa wakenda mpaka shamba kutafuta wa kuwapigia, weye unajipigia mwenyewe kitandani. Nawe ukipata baya, hufungui tena?"

Sichana alikuwa tayari anafungua tena.

Ikawa Ijumaa moja Machano, mkuu wa jikoni kule hotelini, akapiga simu. Mpishi wao ameondoka, nafasi ipo. "Jumatatu asubuhi," alisema. "Ukija, umekuja. Usipokuja, ntampa mwengine, na sitokuuliza tena." Dada yake Sichana, Maisara, alikuwa na nyumba ya chini Kiembe Samaki, haina hata kidaraja cha kupandia mlangoni, naye alishasema zaidi ya mara moja kwamba mama anakaribishwa. Tatizo lilikuwa mama mwenyewe. Siku za mwanzo za maradhi alisema nyumba ile atatoka ndani ya jeneza, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwuliza tena.

Sichana hakutaka kuuliza. Alitaka Mungu aseme. Mungu akisema nenda, mama atamnunia Mungu, na yeye Sichana atafunga kibwebwe akashuke bila lawama. Hivyo ndivyo alivyopanga moyoni, ingawa mpango wenyewe hakuutazama usoni.

Jumamosi asubuhi akafumba macho. Kidole kikaangukia orodha ya majina, fulani akamzaa fulani. Akafunga. Mara ya pili kikaangukia sheria ya nyumba iliyoota ukungu, jinsi kuhani atakavyoamuru kuta zikwanguliwe. Akatazama ukuta wa dirishani, akacheka bila furaha. Mara ya tatu akapata Ayubu.

Alifurahi. Huyu alikuwa mwenzake, mtu wa majipu na jivu, aliyekuwa akidai jibu kwa Mungu sura kwa sura. Na palipoangukia kidole ndipo Mungu mwenyewe anapofika, ndani ya tufani, kuja kusema. Sasa atajibiwa, Sichana aliwaza, na mie nitajibiwa naye.

Akasoma kwa sauti. Mungu alimwuliza Ayubu alikuwa wapi siku misingi ya dunia ilipowekwa. Akamwuliza habari za milango ya bahari, ghala za theluji, na wana wa simba wenye njaa. Akamwuliza kama anajua mbuzi wa majabalini hujifungua lini. Akamtaja punda wa porini asiyesikia kelele za mwenye kumfukuza. Juu ya majipu ya Ayubu, kimya. Juu ya watoto wake waliokufa, kimya. Sichana alikasirika. Aligeuza ukurasa kwa nguvu, jicho likitangulia mbele ya sauti, likitafuta mahali ambapo mtu ataambiwa lake.

Lakini sauti ilikuwa imeshazoea mwendo, ikaendelea. Na mahali fulani, pengine kwa yule mbuni anayeacha mayai yake mchangani na kuyasahau, Sichana naye akasahau kutafuta. Alisoma tu. Farasi akapita, na mwewe. Hapo akarudi nyuma mwenyewe, macho wazi, akasoma tena kipande kimoja alichokuwa amekikimbia: Mungu huleta mvua hata nyika isiyokaa mtu.

Sichana alikomea hapo. Kila tone la maji la chumba kile alilipandisha yeye kwa mkono wake. Na huko, mbali na watu, maji yote yale yalimwagwa pasipo hata mtu mmoja wa kukinga ndoo, kwa sababu Mungu alipenda nchi ile iote majani. Neno lile halikumhusu hata kidogo. Alingoja limwume, lakini badala yake pumzi ikamshuka. Alikuwa amechoka, maskini, kujikuta katika kila ukurasa. Kumbe ukurasa ulikuwa wa Mungu, na ulikuwa mpana.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza, kichwa juu ya mto. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini akili haikupungua.

"Nshamaliza, mama."

"Imekwambia nini?"

"Haijanambia kitu. Ilikuwa habari ya Mungu mwenyewe."

Mama alimtazama. Na Sichana akaona kwamba sasa hana pa kujificha. Lile alilotaka lisemwe na Mungu, itabidi alitoe kinywani mwake.

"Mama, wameniita kazini. Nataka kwenda, nawe ukakae kwa Maisara. Si Mungu aliyesema. Ni mie."

Bi Petronila aliushika ukingo wa shuka kwa mkono wake mzima, akaukunja, akaukunjua.

"Kila siku ukifumba macho," alisema, "na mie hufumba. Naomba kidole kisije kikaangukia penye kwenda."

Sichana aliifunga Biblia mapajani.

"Weye ningekugombeza," mama akaendelea. "Neno la Mungu ntaligombezaje? Basi nkawa nalala hapa, nangoja hukumu. Leo imepita, kesho tena."

Miaka yote ile Sichana alidhani mfungwa mle chumbani ni mmoja. Aliinamisha kichwa kwenye mto wa mama yake, akalia kwa aibu, na ule mkono mzima ukaja ukamkaa kisogoni.

"Mwambie Jaku aje na watu wenye mabega," mama alisema baadaye. Jaku ni mumewe Maisara. "Lile la jeneza nlisema kwa khofu. Lakini Biblia nakwenda nayo mie. Maisara atanisomea, aanzie kwa mwewe, na asinifumbie macho."

Walimteremsha Jumapili mchana, kafungwa kitini kwa kanga mbili, Jaku na vijana wa barazani wakitoka jasho, Bi Zuleikha akiwaamuru kutoka chini kana kwamba wanashusha kabati lake. Kwenye kona ya pili mama alifumba macho, akayafumbua kwenye mwanga wa kichochoro.

Jumatatu Sichana aliamka peke yake. Kwa mazoea akakaa ukingoni mwa kitanda, akafumba macho, akanyoosha kidole, na kidole kikagonga mbao tupu za meza, pale Biblia ilipokuwa ikiwekwa. Akafumbua macho. Kisha akajifunga kanga, akashuka ngazi, na hakuna aliyekuwa amemwambia ashuke.