Popi na Mguu wa Fundi

Wiki iliyopita nilimwita mwalimu wa mbwa nyumbani, maana mbwa wangu akimwona jirani tu, anataka kuruka ukuta. Kijana wa watu hata hakumtazama mbwa. Akaniuliza, "Mama, wewe na huyo jirani mnaelewana?" Nikacheka. Somo hilo nilihitimu zamani, Kariakoo, nikiwa na miaka tisa.

Mimi na bibi yangu wa Lindi tulipanga chumba cha uani. Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani, mtu wa Kilimanjaro, mgeni mjini, na mbwa wake Popi alishinda amelala miguuni pake. Bibi hakumgusa, maana mate ya mbwa ni najisi na kuosha mara saba si mchezo, lakini hawakuwa na ugomvi. Alipita ukumbini na ndoo kwenda bombani, cherehani ikilia kra-kra-kra, na Popi hafumbui hata jicho.

Ugomvi uliletwa na jiwe. Miaka ile ya foleni, ikisikika duka la ushirika limepata sukari, uliweka jiwe lako kwenye mstari ukaenda kupika, nalo likakushikia nafasi. Fundi hakuyajua hayo. Aliliona jiwe la Bibi, zuri, akaliokota, akaenda kuwekea mguu wa meza yake iliyokuwa ikicheza. Ramadhani ikatukuta na kikapu kitupu, na uji wa futari tukanywa bila sukari. Bibi alimsema mbele ya wapangaji wote. Fundi naye, badala ya kuomba radhi, akajibu kwamba jiwe ni jiwe tu.

Tangu hapo Popi akawa anamngurumia Bibi kila akipita. Nikaamua kumfunda mwenyewe. Nilimpelekea vichwa vya dagaa, nikamwambia akae, akakaa, akala vyote, na Bibi alipotokea akanguruma vilevile huku akiramba midomo.

Bibi akaanza kufunga mizigo. "Narudi kwetu," alisema. "Mji gani huu, mtu mzima anafukuzwa na mbwa?" Mimi ningebaki kwa shangazi, kwa sababu ya shule. Nililia mpaka macho yakavimba.

Siku iliyofuata nilikaa ukumbini kutazama, na nikaona. Wakipita wengine, cherehani ilikwenda. Akitokea Bibi, mguu wa fundi ulisimama, cherehani ikanyamaza, na Popi akainuka. Nikamfuata fundi.

"Shikamoo fundi. Mguu wako ndio unaomtuma Popi."

"We mtoto, unanifundishia mbwa wangu?"

"Simfundishi mbwa," nikasema, nikakimbia.

Asubuhi yake Bibi akapita na ndoo. Cherehani ikasita, kisha ikaendelea, polepole. "Shikamoo mama," fundi alisema, macho kwenye kitambaa. "Na lile jiwe, unisamehe."

Bibi alisimama kwanza. "Marahaba, mwanangu."

Popi aliinua kichwa, akakirudisha chini. Jioni ile mizigo ilifunguliwa.

Nyumba ile sasa ni ghorofa la maduka. Foleni sizililii, lakini ukumbi ule naulilia. Ulikuwa mwembamba, humnunii mtu ukapata pa kupita. Siku hizi tuna kuta na mageti, tunanuniana miaka mitatu na hakuna anayejua isipokuwa mbwa.

Kijana alikuwa bado anangoja jibu. Nikamwambia amshike mbwa, nikajitanda kanga, nikaenda kugonga geti la jirani.