Blanketi la Jenerali na Bahati

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya mwezi wa saba inayoingia mpaka kwenye soksi.

Selpha Nabalayo aliketi nyuma kabisa ya hema la harusi, huko mtaani Elgon View, akisubiri blanketi lake litandazwe. Kazi zake zote za awali zilikuwa mazulia ya mlangoni, watu wakipangusia viatu. Hili lilikuwa la kwanza kuvikwa mtu. Diana, bibi harusi, angemfunika nalo baba mkwe wake, Mzee Kiprono wa Moiben. Mzee akilikataa mbele ya watu, itakuwa amemkataa Diana, na Selpha atarudi kwa mazulia.

Sufu ilitoka kwa kondoo wa mzee huyo huyo. Selpha hakuitia rangi. Aliitoa miiba kwa vidole, akaiosha, akaichana, akaisokota jioni baada ya jioni hadi kidole gumba kikasagika na simu ikakataa kutambua alama yake. Kisha akafuma maumbo ya almasi, nyeusi na za kahawia, safu kwa safu.

Diana alilitandaza. Vigelegele. Mzee Kiprono akapapasa almasi nyeusi, akatabasamu.

“Huyu ni Bahati, kondoo wangu mweusi.”

Akasogeza mkono hadi almasi ya kahawia. Tabasamu likaisha.

“Na huyu ni Jenerali. Nani amewaweka pamoja?”

MC akashusha maikrofoni.

“Baba, ni blanketi tu,” Diana alisema polepole.

“Jenerali alimvunja Bahati mguu. Nimewatenganisha na ukuta miaka yote. Sasa mnataka wapigane mgongoni kwangu? Aliyefuma yuko wapi?”

Selpha alipita katikati ya viti.

“Mama, na hukuuliza?”

“Walikuja kwa gunia moja, Mzee. Hawakuwa wanagombana.”

Mtu alicheka, mke wake akamfinya.

Selpha alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, akaivuta pembe ya blanketi karibu na macho ya mzee. “Angalia hii nyeupe inayopita katikati. Kila mmoja ana ukuta wake. Nimeugonga na chanuo mpaka ukucha haupiti. Jaribu.”

Mzee alijaribu. Alijaribu almasi moja, akajaribu ya pili, akaendelea na safu nzima huku pilau ikipoa na kwaya ikikaa chini.

“Na huyu mweupe ni nani?”

“Simjui jina. Yule mwenye miiba mingi kuliko wote.”

“Chifu,” alisema mzee, na sauti yake ikawa ya heshima. “Kwa Chifu hapiti mtu.”

Akainamisha shingo. Diana akamfunika. Mchana wote mzee alikula akiwa ameinamisha sikio begani, akisikiliza kama huko nyuma kuna amani.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kanisa, Selpha alifungua gunia jipya la sufu ya kijivu kutoka Moiben. Hakuigusa. Alimpigia Mzee Kiprono kwanza, amuulize huyu anaelewana na nani.