Mahindi ya Bibi Mwanahawa na Kamba ya Mwenyekiti

Mhindi ukikatwa mbichi hutoa harufu yake yenyewe, si ya shambani na si ya jikoni. Ni harufu tamu yenye majimaji, kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na ukiivuta sana kichwa kinagonga. Naijua tangu nina miaka tisa, mwaka wa pili baada ya sisi watu wa Handeni kuambiwa tubomoe nyumba zetu tuje tukae pamoja kando ya barabara. Leo niko kidato cha pili hapa Korogwe, nalala bwenini, nasoma historia za wafalme waliokufa zamani na kuwasamehe wote. Mtu mmoja tu sijamsamehe, na huyo yu hai, anatembea na afya yake. Wenzangu wananiambia kinyongo kinazeesha. Basi mimi ni kikongwe, nitafutieni mkongojo.

Kijiji chetu kipya kiliitwa Kwemgogo. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama meno ya kitana, hata kuku walipotea siku za mwanzo wasijue mlango wa kwao ni upi. Mwenyekiti wetu, Mzee Semkai, alipenda mstari kuliko chakula. Begani alining'iniza kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo shimo la mhindi, na ole wako shimo lako likikaa nje ya fundo. Watoto tulimwita Bwana Kamba, kwa kunong'ona, na mbele yake tulikunja magoti: shikamoo mwenyekiti. Mvua ya kwanza ya masika ilipodondoka akapuliza filimbi, kijiji kizima kikapande shamba la ujamaa. Wazee wakamwambia kwamba mvua ya kwanza huku kwetu huja kuchungulia tu. Zamani, watu walipolimiana kwa ujima, hakuna aliyetia mbegu mpaka bibi mmoja achimbe kwa mkono aone unyevu umefika kwenye kiwiko. Bwana Kamba akacheka, akasema, "Maendeleo hayangoji kiwiko cha mtu." Tukapanda. Mistari ilinyooka sana. Baada ya wiki tatu ilikuwa mistari ya vijiti vya njano, imenyooka vilevile.

Bibi Mwanahawa, mama mzazi wa baba na ndiye aliyenilea, alikuwa amekwenda shamba la ujamaa kama wengine, akapanda mbegu ya Mwenyekiti kwenye mafundo ya Mwenyekiti. Yake aliiacha darini, juu ya mafiga, inakula moshi. Ilikuwa mbegu aliyoachiwa na mama yake: mahindi mafupi, meupe, yenye punje nyekundu chache kama yamenyunyiziwa damu, yanayostahimili jua la Handeni kuliko ng'ombe wa Wamasai. Mvua ya pili iliponyesha, ndogo na ya mwisho, Bibi alikuwa amekwisha chimba kwa mkono na kukagua kiwiko chake. Tukaenda kwenye mahame yetu, kule tulikobomoa nyumba, mwendo wa saa nzima, tukapanda palipokuwa zizi la mbuzi, kwenye samadi ya miaka. Alipanda mbegu yote, asibakize hata kiganja. Nilimuuliza kwa nini hatubakizi. Akasema, "Mwaka wa njaa mbegu ikibaki ndani italiwa tu. Bora ikae ardhini, huko hatuiombi chakula." Kila jioni nilibeba kibuyu cha maji, nikiimba matusi madogo madogo ya kumkumbuka Bwana Kamba, na Bibi akijifanya hasikii. Mahindi yakafika kiunoni kwangu. Wilaya nzima imekauka, sisi tuna kipande cha kijani cha ukubwa wa uwanja wa mpira wa watoto.

Ndipo ikaja habari kwamba Mkuu kutoka wilayani atapita kuona shamba letu, lile ambalo kwenye taarifa ya Bwana Kamba lilikuwa limestawi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Sisi tulikuwa wenyeji na hatukupona. Alfajiri ya siku yenyewe nilikuwa kwenye mahame na Bibi tukichuma mlenda, tukaona baiskeli inakuja, na nyuma yake mgambo wanne wenye mapanga na magunia yaliyolowekwa maji.

"Mahindi haya ya nani?" Bwana Kamba akauliza, kana kwamba yangeweza kuwa ya nyani.

"Yangu, mwanangu," Bibi akasema.

"Kwenye ujamaa hakuna yangu, Bibi. Kuna yetu."

"Ahaa. Na hiyo baiskeli uliyoegemea nayo ni yetu?"

"Hiyo ni ya kazi."

"Basi nitaichukua kesho niende Korogwe. Na mimi nina kazi."

Mgambo mmoja akacheka, akakatazwa kwa jicho. Kisha wakaingia. Mistari michache ya mwanzo waling'oa na mizizi yake. Walipochoka wakaanza kukata kwa panga, chini kabisa, fyu, fyu, kama wanavuna miwa. Bibi alisimama na mlenda wake mkononi. Alisema neno moja tu, "Yatieni gunia kwa upole," kana kwamba yanapelekwa hospitali. Hapo ndipo ile harufu ilinijaa puani, na hapo nikaapa, kwa kiapo cha mtoto wa miaka tisa, ambacho nakwambia ni kiapo kibaya kuliko cha mahakamani.

Kufika saa mbili, ukingo wa shamba la ujamaa uliokuwa karibu na barabara ulikuwa kijani. Mahindi ya Bibi yamechomekwa kwenye mafundo, yamemwagiwa maji, yamesimama kama askari wa gwaride. Mpango wa Bwana Kamba ulikuwa mzuri, sikatai. Mgeni afike saa tatu, atazame akiwa garini, asikilize ngonjera ya wanafunzi ya beti sita, apelekwe kwenye pilau, aondoke. Lakini gari la wilaya lilikwama mchangani likafika saa tano, na jua la saa tano Handeni halina chama. Na walioteuliwa kuongoza ngonjera, kwa kuwa na sauti kubwa kuliko wote, walikuwa jirani yangu Rajabu na mimi; aliyetuteua hakujua nilichoapa alfajiri.

Tukazisoma zile beti sita, mimi nauliza, Rajabu anajibu, Mkuu anatabasamu. Ya sita ilipokwisha Rajabu akashusha mikono. Nikamfinya. "Endelea." "Zimekwisha!" "Tunga, mjinga wewe. Sifia chochote." Nikaanza mwenyewe kulisifia jembe. Rajabu akaamka, akasifia panga. Nikasifia gari la Mkuu, yeye akasifia magurudumu yake, moja baada ya jingine, na la akiba. Tukamsifia dereva. Tukasifia viatu vya Mwenyekiti, vilivyokuwa vipya. Bwana Kamba akapiga makofi ya kutufunga mdomo, "Asanteni sana wanafunzi, asanteni!" lakini Mkuu akamwinulia mkono: "Waache, ndugu Mwenyekiti. Taifa linajengwa na hawa." Nani tena angethubutu kukatiza sifa za taifa? Nyuma yetu, mahindi yalikuwa yanalegea. Sikuyatazama. Nilitazama uso wa Bwana Kamba, na ndani yake niliyaona yote: majani kwanza yakijikunja, kisha yakiinama kama masikio ya mbuzi mgonjwa, kisha shina la kwanza likilala. Jasho lilimtoka hadi kwenye kamba. Sijawahi kula kitu kitamu kama jasho lile. Njia ya mwongo ni fupi, ila mimi nilitaka aitembee taratibu, hatua kwa hatua, peku. Ubeti wa mwisho niliutoa kwa sauti ya kuitia adhana:

Mgeni wetu mpenzi, usiende na mapema,
Shambani shika mahindi, uone tunavyolima.

Mkuu akashuka shambani. Akashika shina lililokuwa bado limesimama, akalivuta kidogo kwa mapenzi, likamfuata mkononi. Chini halikuwa na mzizi, lilikuwa na mkato wa panga uliolala upande, safi kama wa fundi. Watu mia na zaidi wakasogea kuona.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema polepole, "haya yanaota bila mizizi?"

"Ni mbegu mpya, ndugu Mkuu," Bwana Kamba akasema. "Ya kisasa."

Kwemgogo ilicheka mpaka watoto wachanga wakaamka wakilia. Mkuu hakula pilau. Tuliila sisi.

Nilikimbia nyumbani nikiwa nimevimba kama chura wa masika. Bibi alikuwa anapuliza moto. Nikamsimulia yote, hata viatu, hata magurudumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema, "Umemwaibisha. Vizuri. Sasa tutaisonga hiyo aibu yake tukaila na mlenda?" Hakuwa na mzaha. Mwaka ule tulikula unga wa njano uliokuja kwa meli kutoka kwa mabepari tuliofundishwa kuwakejeli, na tuliupangia foleni mbele ya ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: KUJITEGEMEA. Mistari ya foleni ilinyooka.

Sasa nimekua, na naambiwa niwe na haki. Haya, haki yake ni hii: Kwemgogo leo ina shule, ina bomba linalotoa maji siku nyingine, na mama yangu asingejifungua salama mdogo wangu kule tulikokaa zamani. Neno lenyewe la ujamaa mimi silichukii. Bibi aliliishi kabla halijaandikwa, kwa kiwiko chake. Ila ile mbegu haipo. Nimeiulizia soko la Korogwe, nimeuliza akina mama wa Kilole, nimewauliza hata wanaoshuka na mboga kutoka Bungu. Wananionyesha mahindi makubwa, meupe pe, ya dukani. Bibi naye siku hizi hununua hayo. Hachimbi tena kwa mkono. Anauliza redio imesemaje.

Na Mzee Semkai? Hakufungwa, wala hakushushwa. Alihamishwa kuja hapa Korogwe, akapewa ofisi na meza, anawashauri wakulima. Nakutana naye karibu na stesheni, Jumamosi tukiruhusiwa kutoka, naye kila mara hanitambui kati ya sare za wanafunzi. Napiga magoti vumbini, katikati ya watu, nasema shikamoo kwa sauti ya kufika Mombo. Anafurahi, anasema marahaba, binti mwenye adabu, mtoto wa nani wewe? Namwambia, "Mjukuu wa Bibi Mwanahawa wa Kwemgogo, mwenye mahindi." Tabasamu linakauka. Anashika njia yake haraka. Jumamosi ijayo, akiwa na wageni wake, namtafuta tena.