Pistoni za Lori la Jirani

Wako mafundi wanaofungua gari huku wakimwomba Mungu. Mimi nilikuwa nafungua huku nikipiga mluzi. Ndiyo maana niliudhika sana gari langu mwenyewe liliponifia pale Garissa, wakati wa vita vya shifta, pistoni mbili zimetobolewa na joto na petroli mbovu. Vipuri vilikuwa Nairobi, na barabara ilipitika kwa msafara wa jeshi tu.

Jirani yangu, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa na lori zima kabisa lililokaa uani bila kusogea, kwa kuwa alinyimwa kibali cha kusafiri. Mimi, mtu wa bara niliyeajiriwa karakana ya serikali, nilikuwa na kibali lakini sina injini. Yeye alikuwa na injini lakini hana kibali. Tulilicheka jambo hilo kila jioni tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, mpaka mkewe alipougua.

Tumbo lilimkataa chakula. Alikonda hata bangili zikawa zinamvuka mkononi. Daktari akasema apasuliwe Nairobi bila kukawia, akamwandikia barua ya kupita. Kwenye malori ya jeshi angerushwarushwa njia nzima. Alihitaji kulala kwenye kiti cha gari dogo. Asubuhi yake jirani akanijia na funguo za lori mkononi.

"Fundi, gari yako na lori yangu si ya kiwanda moja?"

"Ndiyo. Injini zao ni ndugu."

"Basi toa bistoni yangu, tia kwako."

"Walaal, ndugu yangu, nikizitoa, lori lako litabaki banda la kuku."

"Lori ni chuma tu, wallahi. Toa."

Nikavua shati nikaanza. Kuifungua injini nzima ya mtu ni kama kumchinja ng'ombe wake wa maziwa. Niliona uchungu, lakini nilifungua. Upana ulilingana, pini zililingana. Nilizichukua zote, maana kuchanganya za lori na za gari ndani ya injini moja ni uvivu. Shida ilikuwa kwamba ndugu hawafanani kila kitu. Pistoni za lori zilikuwa ndefu kidogo upande wa juu, na zingeweza kugonga valvu. Jirani alitaka nifunge tu twende. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, aniletee unga uliokandwa mgumu kuliko wa chapati.

Mkewe alikataa mtu mwingine asiukande. Aliukanda mwenyewe, ameegemea ukuta, akipumzika kila mara. Nikaweka kidonge cha unga ule juu ya pistoni, nikafunga hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikaizungusha injini kwa mkono, nikafungua tena. Unga ulikuwa umebanwa mpaka ukatoboka. Nikatia gasketi mbili badala ya moja ili kuinua hedi, nikapima upya, na safari hii ukatoka mnene kama sarafu. Nikamwambia jirani afunge mizigo ya mkewe.

Kila mtu alijua sheria ya msafara: gari likizimika linasukumwa kando, na wengine wanaendelea. Jirani alitusindikiza hadi darajani, askari wakamzuia hapo. Mbele za watu hakumshika mkewe mkono. Aliweka kiganja juu ya boneti, ingawa jua lilikuwa limeiunguza, na hakukiondoa mpaka nilipotia gia. Hapo ndipo nilipoogopa. Lakini injini ilipanda vilima vya Ukambani pole pole, nzito, bila kugonga hata mara moja, na jioni nikamkabidhi mgonjwa hospitalini.

Alipopona nikamrudisha mwenyewe. Mumewe alikuwa akitungoja ng'ambo ya daraja, katikati ya watu. Akaja dirishani kwangu.

"Injini haikuchemka?"

"Haikuchemka."

"Mafuta haikubungua?"

"Hayakupungua."

Akauliza habari za magurudumu. Akauliza bei ya mbuzi Thika. Macho yake hayakutoka kwenye kiti cha nyuma. Mwishowe mkewe akashusha kioo, akamwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie:

"Gari utauliza kesho. Mimi nina njaa."

Mtu yule aliyenipa lori lake bila kupepesa macho alichuchumaa pale pale barabarani, akalia.